Pinboli ya Zaccaria: tazama betri kabla ya kuiwasha

Ukibahatika kupata pinboli (mashine ya mchezo wa kupiga kigololi cha chuma) ya kampuni ya Zaccaria, zile za Bologna, Italia, za miaka ya 1980 (kwangu michoro ya Farfalla ya 1983 haina mpinzani), usikimbilie kuichomeka kwenye umeme. Fungua kwanza kisanduku cha nyuma, utafute betri ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi ya saketi za umeme. Ikivuja, majimaji yake hula njia za shaba taratibu, na bodi hizo si rahisi kuzipata. Ikate hiyo betri uitoe. Sugua ule ukungu wa kijani kwa mswaki na siki, suuza kwa maji safi kisha spiriti, uiache ikauke kabisa. Betri mpya ifunge mbali na bodi, kwa waya. Ukiweka isiyochajika, tanguliza dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), la sivyo mashine itajaribu kuichaji nayo itavuja au kupasuka.