Kumfuatilia mama sukari kwa meseji za kitochi

Mama yangu yuko Wete, Pemba, mie niko mjini Unguja, ana kisukari na simu yake kitochi, kwa hivyo mambo ya WhatsApp tusahau. Meseji za kawaida zinatosha sana ila zina namna yake.

Kwanza acha kuuliza "umemeza dawa?" Niliuliza hivyo miezi na kila siku jibu "ndio mwanangu", mama gani atakwambia hapana akutie wasiwasi? Siku nimepanda boti nakwenda nakuta pakti ya metformin, vidonge vyake vya sukari, haijaguswa. Sasa nauliza vitu vya namba, "Shikamoo mama, kabla ya chai mashine ya sukari imesema ngapi?" au "vidonge vimebaki vingapi?" halafu nahesabu mwenyewe.

Natuma moja baada ya alfajiri na moja magharibi, basi. Ukituma kumi atazizoea asizisome, na kila moja isipite herufi 160 maana ikipita inahesabiwa mbili vocha inakwenda.

Sasa nukta. Kwenye kitochi chake iko kitufe cha 1 na mama hakuijua, siku hiyo kaniletea "112", roho ikanipaa, kumbe 11.2! Tukakubaliana aandike "11 na 2". Lakini tazama na mashine yenu inasomaje, vipimo ni viwili, zipo za mmol/L kama ya mama na zipo za mg/dL zenye namba kubwa, hiyo 112 ingekuwa ya mg/dL ukigawa kwa 18 inakuja kama 6.2, wala si ya kumtisha mtu. Namba zote naziandika kwenye daftari la kliniki, dawa anabadilisha daktari, si mie na meseji zangu.

Sukari ikiwa chini ya 4 kwa mashine ya mmol/L, hapo hakuna kuandikiana. Anakoroga sukari vijiko 3 vya chai kwenye maji anakunywa, anasubiri dakika 15 anapima tena, ndio anibipu nimpigie. Akitoka jasho na kutetemeka asingoje hata mashine. Na anaekaa nae ajue, akizimia asimiminiwe kitu mdomoni, hospitali moja kwa moja.

Ijumaa zamu ya miguu, "mama, nyayo zimetazamwa?" Hii namtumia mjukuu wake maana mwenyewe hainami vizuri, na kisukari kinatia ganzi miguuni, mtu anakanyaga msumari asijue.

Ramadhani saa zote hizi zinageuka, na kuna vidonge na sindano zinazoshusha sukari kupita kiasi ukiwa umefunga, kwa hivyo muoneni daktari mwezi haujaandama ndio mupange meseji upya.