Namna ya Kupanga Ukuaji wa Miji kwa Maendeleo ya Mkoa Mzima

Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Tanzania, ulioanza mwaka 1969, uliteua miji tisa, ikiwemo Mwanza, Mbeya na Mtwara, iwe vituo vya ukuaji ili kuipunguzia Dar es Salaam mzigo. Hata hivyo, kuteuliwa hakukuufanya mji ufikike: Daraja la Mkapa, linalovuka Mto Rufiji kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Mtwara, lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla ya hapo msafiri wa Mtwara alitegemea kivuko cha mto huo. Kwa hiyo, afisa mipango achunguze kwanza njia za kuufikia mji, ndipo auteue.

Katika ramani ya mkoa, weka alama mahali panapokutana barabara, reli na masoko, kisha ufuatilie mazao ya vijijini yanauzwa wapi na fedha zake zinatumika wapi. Makambako, mkoani Njombe, inafaa kuigwa: barabara kuu iendayo Tunduma hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni. Biashara imekwisha kuufikia mji wa namna hiyo. Uongezewe maghala, maji, umeme wa uhakika na chuo cha ufundi, ili mkulima wa viazi na kijana aliyemaliza shule wapate karibu yale ambayo wangeyafuata Dar es Salaam.

Miji jirani igawane majukumu, badala ya kila halmashauri kudai kiwanda na chuo chake.

Hatua ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni kutenga ardhi mapema. Njia za barabara, mabonde ya maji, stendi, soko, dampo na shule vipimwe na kuwekewa mawe ya mipaka kabla viwanja vya makazi havijauzwa, kwa sababu urasimishaji, yaani kupima na kuhalalisha makazi yaliyojengwa bila mpango, unaofanyika baada ya watu kujenga huwapa hati, lakini ni vigumu kuwapatia nafasi ya mtaro au ya gari la zimamoto bila kubomoa nyumba. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wadau washirikishwe, wakiwemo wamiliki wa ardhi. Basi wenye mashamba waitwe mkutanoni rasimu ya mpango ikiwa bado inaweza kubadilishwa, na fidia yao itengewe fungu katika bajeti kabla wapimaji hawajaingia shambani.