Sauti itangulie picha

Ukigeuza hadithi ya kitabuni kuwa filamu, usimwache msimulizi aseme kile ambacho jicho limeshaona. Tulikuwa mwaloni Kibirizi, Kigoma, usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wako ziwani. Kitabu kilitumia ukurasa mzima kueleza hofu ya mke anayemsubiri mumewe. Tukafuta maneno yote: taa za mitumbwi kwa mbali, moja inazimika, kisha unasikia maji tu yakipiga ubavu wa mtumbwi uliofungwa. Inachoma moyo! Ila maji hayo yarekodi peke yake, dakika 2 nzima, watu wote kimya, maikrofoni imekingwa upepo. Sauti ya kwenye kamera haifai, inajaa upepo wa ziwa. Ukihariri, sauti hiyo ya maji ianze sekunde 2 au 3 kabla ya picha yake.