Baada ya mshtuko wa moyo, usiondoke wodini bila namba ya eko

Ukipata mshtuko wa moyo Uingereza, au akiupata mzee unayeishi naye, kwa kawaida eko hufanyika kabla ya kuruhusiwa. Ni ultrasaundi ya moyo. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, anapakwa jeli kifuani, na kifaa kinapitishwa katikati ya mbavu. Hakuna sindano wala mionzi. Wanachotafuta ni madhara yaliyobaki: ukuta wa moyo usiocheza, valvu inayovuja, bonge la damu lililoganda ndani.

Kwenye majibu tafuta herufi LVEF. Hiyo ni asilimia ya damu ambayo chumba kikubwa cha kushoto kinasukuma kwa kila pigo. Wengi wakiona 55 wanahuzunika kama mzazi aliyepokea ripoti mbaya ya shule. Tulia, hakuna moyo unaosukuma damu yake yote, na 55 ni kawaida. Ikishuka chini ya 40 ndipo hatari ya moyo kushindwa kazi, na hata kifo cha ghafla, inapopanda.

Namba hii inagusa riziki pia. Kwa utaratibu wa DVLA, mamlaka ya leseni za udereva, aliyezibuliwa mshipa wa moyo vizuri, mwenye 40 au zaidi na asiyesubiri kuzibuliwa tena karibuni, anaweza kuendesha gari lake baada ya wiki 1. Wengine wasubiri wiki 4. Ndugu zetu madereva wa mabasi na malori lazima waiarifu DVLA na wakae nje ya usukani angalau wiki 6, kisha wapimwe upya. Tafadhali msifiche. Na tiketi ya ndege ya kwenda nyumbani isikatwe kabla daktari hajaiona namba hiyo.

Lakini namba ya kwanza si hukumu. Misuli iliyokosa damu huweza kuzinduka taratibu kwa wiki kadhaa, ndiyo maana walioanza na namba ya chini hurudia eko. Ikibaki 35 au chini, siku 40 na zaidi baada ya mshtuko na dawa zikiwa zimetumika sawasawa, daktari anaweza kupendekeza kifaa kidogo cha kupandikizwa kifuani, kinachoushtua moyo mapigo yake yakivurugika kwa hatari. Ukiacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri, unaunyima moyo nafasi ya kupona.

Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani, NHS (huduma ya afya ya umma) hailipishi. Usimtwike mtoto kazi hiyo, maana kuna habari hapo hatakiwi kuzibeba. Omba nakala ya ripoti nzima, uipige picha, na ukienda likizo Dar es Salaam uwe nayo, ili daktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete akikupima awe na cha kulinganishia.