Ukinyimwa nyumba au kazi Marekani kwa sababu ya rangi, fanya hivi

Hii nawaandikia ndugu zangu mliofika Marekani karibuni, mliotokea Nyarugusu, Kakuma, Dar, Nairobi, Bukavu, kokote, maana naona watu wanazungushwa weee wakidhani ni bahati mbaya. Ubaguzi wa huku siku hizi mara nyingi hautukani mtu. Unachekewa, unapewa mkono, halafu unaambiwa nyumba imeshachukuliwa. Kwa hiyo anza kuweka ushahidi mapema, usingoje mpaka ukasirike.

Chanzo chake ni cha zamani. Miaka ya 1930 serikali yao yenyewe ilichoresha ramani za miji, mitaa ya weusi ikapakwa nyekundu, mikopo ya nyumba huko ikawa haipatikani, na mzee aliyenyimwa mkopo hakuwa na nyumba ya kumwachia mwanae. Mpaka 2022, ukizipanga familia kwa mali, ile ya katikati kwa wazungu ilikuwa na kama dola 285,000, kwa weusi kama 45,000. Halafu shule za huku zinategemea sana kodi ya majumba ya eneo lenyewe, yani unapopanga ndo panaamua mwanao atasoma shule ya namna gani. Ndo maana naanza na nyumba.

Usiishie kupiga simu, tuma meseji, uliza apatimenti fulani ya bei fulani ipo? Akijibu ipo piga skrinshoti hapo hapo. Ukifika akakuona akasema imeshaenda, usigombane nae, muulize jina, andika tarehe, saa na maneno aliyosema, ukitoka tu mwambie rafiki mzungu aulizie nyumba hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Akiambiwa njoo uione, hapo umeshampata. Mashirika ya kutetea haki za nyumba nayo yanafanya hivo hivo, yanatuma watu wawili wenye kipato sawa, mmoja mweusi mmoja mzungu, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba hata mweusi aliyetumwa kujaribu tu, akidanganywa anaweza kushtaki. Sheria inayokataza ubaguzi wa nyumba ilisainiwa tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, damu imemwagika kwa ajili yake, itumie. Malalamiko yanapelekwa HUD, idara ya serikali ya nyumba, 1-800-669-9777, ni bure, una mwaka mmoja tangu ubaguliwe. Ukitaka mahakamani moja kwa moja una miaka miwili.

Kwenye kazi, kuna watafiti walituma CV karibu 5,000 Boston na Chicago, sifa zinafanana, majina ndo tofauti. Kina Emily na Greg, majina ya kizungu, walipata jibu moja kwa kila CV 10 hivi, kina Lakisha na Jamal, majina ya weusi wa huku, ilibidi zifike 15. Sasa wewe unaitwa Mwajuma au Bahati, mimi sikushauri ubadili jina ulilopewa na wazazi wako, tafuta mtu anayefanya kazi humo ndani aifikishe CV yako kwa bosi na akusemee. Uliza kanisani, msikitini, kwenye chama chenu cha kuzikana, watu wapo.

Lafudhi nayo isikutishe, mwajiri haruhusiwi kukunyima kazi kwa lafudhi isipokuwa kama inakwamisha kazi yenyewe, na kubeba boksi hakuhitaji Kiingereza cha mtangazaji. Ukishapewa kazi utajaza fomu ya I-9, ya kuthibitisha kuwa unaruhusiwa kufanya kazi huku, karatasi za kuonyesha unachagua mwenyewe kwenye orodha yao, leseni ya udereva na kadi ya Social Security (ya namba ya hifadhi ya jamii) isiyoandikwa masharti ya kazi zinatosha, asikulazimishe kuleta grini kadi.

Malalamiko ya kazi ni EEOC, tume ya serikali ya ubaguzi kazini, 1-800-669-4000, bure, wakili sio lazima. Una siku 180, majimbo mengi yanafika 300, ila usizichezee. Akikufukuza kwa sababu ulilalamika, hilo ni kosa lingine kabisa, nalo liripoti. Kampuni ikiwa na wafanyakazi chini ya 15, EEOC kwenye mambo ya rangi kwa kawaida hawaigusi, hapo tafuta wakili umwambie aangalie ile sheria ya haki za raia ya 1866, iliyotungwa mara tu baada ya utumwa kufutwa, yenyewe haijali kampuni ina watu wangapi.