Kuwinda bata bukini kwa upinde: mwenzako, mbwa, na swali la mshale

Mbwa wangu anaitwa Karafuu. Ni labrado wa kahawia, na kwenye mdomo wa juu, upande wa kushoto, ana kovu refu kama ukucha. Kovu hilo ni kosa langu. Nilimtuma alete bata aliyekuwa bado na kigumba, yaani ncha ya mshale yenye makali, kifuani. Akamdaka vizuri kama alivyofundishwa, na wembe ukamchana. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi nne, na mimi nikajua kuwa kila nilichosoma kuhusu mbwa wa kuleta mawindo kiliandikwa na watu wa bunduki. Risasi ikishapiga imekwisha kazi. Mshale ukishapiga bado ni kisu.

Tunawindia magharibi ya jimbo la Minnesota, Marekani, upande wa Lac qui Parle, mimi na sahibu yangu mzaliwa wa Mombasa. Tunaowafuata ni bata bukini wa Kanada, wale wa shingo nyeusi na shavu jeupe. Aina yao kubwa kabisa ilidhaniwa imetoweka hadi ilipotambuliwa tena mjini Rochester, huku huku Minnesota, mwaka 1962. Leo wamejaa hadi viwanja vya gofu. Walioko Kenya wasome kwa kujifurahisha tu, maana huko uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Hatua ya 1: Karatasi

Unahitaji leseni ya jimbo ya kuwinda wanyama wadogo, stempu ya jimbo ya ndege wa majini, usajili wa HIP (mpango wa kukadiria idadi ya ndege wahamao wanaowindwa), na stempu ya bata ya serikali kuu ambayo ni dola 25 kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi. Hiyo ya mwisho ilianza mwaka 1934 na fedha zake hununua ardhi oevu, kwa hiyo usiilipe kwa kununa. Upinde unaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kumwaga nafaka ili kuwavuta ndege (shamba lililomwagwa huhesabiwa lina chambo hadi siku 10 baada ya nafaka yote kuondolewa), kutumia bata hai kama mtego, na, katika misimu ya kawaida, sauti za kurekodi. Idadi ya bata kwa siku hubadilika kwa msimu, basi soma kijitabu cha mwaka huo.

Hatua ya 2: Shamba na hodi

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, fuata bata kwa gari. Hulala ziwani na kula mashambani, na wakishiba mahali bila kusumbuliwa, kesho hurudi pale pale. Tia alama sehemu waliyosimama, usiseme tu "shamba lile". Mita 60 pembeni ni mbali kwa mtu wa upinde.

Kisha kabishe hodi. Minnesota huingii shamba la kilimo bila ruhusa hata kama hakuna kibao. Sisi hupeleka sambusa. Mzee mmoja sasa hutupigia simu mwenyewe bata wakitua kwake, na sijui kama anafanya hivyo kwa sababu ya bata au ya sambusa.

Tunachagua mashamba makavu ya mahindi yaliyovunwa, si ukingo wa maji. Sababu yangu ni mishale, kwani kigumba kikizama kwenye matope kinabaki humo kikingoja mguu wa mtu au wa mbwa. Sababu ya sahibu yangu ni nyingine: kwake, windo lililopigwa kisha likakutwa limekufa majini halili, kwa kuwa hajui limeuawa na mshale au na maji. Tumefika mahali pamoja kwa njia mbili.

Hatua ya 3: Upinde na vigumba

Upinde wa kapi wenye uzito wa kuvuta wa ratili 45 hadi 50 unatosha. Ukivuta zaidi ya hapo huku umepiga magoti, umevaa koti zito, na vidole vimekufa ganzi kwa sakitu, utatetemeka.

Vigumba ni vya namna mbili. Kuna kigumba cha kawaida cha wembe, cha kulenga kifua. Na kuna kile kipana chenye nyembe ndefu zilizotandazwa kama mabawa ya panga la feni, cha kukata shingo. Mimi hutumia hicho cha pili bata akiwa ametua, kwa sababu moja tu: aghalabu hukosa kabisa au huua papo hapo. Kifua cha bata bukini kinadanganya. Ukitoa manyoya, mahali pa kuua panatosha ngumi ya mtoto, na bata aliyechomwa pembeni hupaa na mshale wako.

Kigumba kipana kina masharti yake. Mshale lazima uwe mrefu kiasi kwamba ukivuta mpaka mwisho, nyembe zinabaki mbele kabisa ya upinde na ya vidole vyako. Pima ukiwa nyumbani, mwenzako akikutazama kwa ubavuni. Pia kichwa hicho kizito huuyumbisha mshale, basi mita 15 ndiyo mwisho.

Kwa bata anayeruka, tumia mishale yenye manyoya makubwa yaliyosokotwa. Hutoka kwa kasi kisha hushikwa na hewa na kuanguka karibu. Neno "karibu" lisikulaghai, maana bado unaua mtu. Jua nyumba na barabara ziko wapi kabla hujaelekeza upinde juu. Na chagua manyoya ya waridi kali, siyo ya kijani. Katikati ya mabua ya mahindi utanishukuru.

Sahibu yangu hatumii kabisa mishale yenye vichwa butu. Kwake, kilichokatwa na makali kwa jina la Mungu ni chakula, na kilichokufa kwa kishindo ni mzoga. Utamsikia akinong'ona "Bismillahi" kabla ya kuachia ugwe, na mbwa akishaleta, huosha pale palipoguswa na meno. Mimi si shehe, ila naona sharti lake limemfanya mlengaji mwangalifu kuliko mimi.

Hatua ya 4: Mbwa ajifunze kutokwenda

Kuleta ni hulka ya labrado, hutafanya kazi kubwa. Kazi ni kumfundisha kukaa wakati kila kitu kinamwambia nenda. Tulianza na mpira: ukirushwa, anakaa, na mimi ndiye ninayeenda kuuokota. Katika marusho 10, yeye alitumwa labda mara tatu. Baadaye tukaongeza mlio wa ugwe, kisha mabawa ya bata yaliyofungwa kwenye mpira, kisha kipenga cha kuitia bata, ambacho mwanzoni kilimtia wazimu.

Chagua neno la amri ambalo hamlitumii kwenye mazungumzo. Sisi tulianza na "Leta!" Asubuhi moja ya Oktoba, nimeshavuta upinde nusu, bata wako karibu, mwenzangu akaninong'onea nyuma, "Ukimaliza leta chai." Karafuu akafyatuka akapita mbele ya kigumba changu kwa umbali wa mkono. Bata waliondoka wote. Tulikaa kimya muda mrefu, na chai hatukuinywa. Tangu siku hiyo amri ni "Hima!", neno ambalo hatulisemi hata kwa bahati mbaya, na mbwa hufungwa kamba kwenye mkuki wa chuma uliochomekwa ardhini, kamba fupi yenye kifungo cha kufyatua.

Hatua ya 5: Bata bandia na maficho

Bandia dazeni mbili zinatosha. Wapange kama ndoano, na uwazi wa kutulia katikati. Bata hutua wakielekea upepo, kwa hiyo watu wa bunduki huketi upepo ukiwa mgongoni ili bata waje usoni. Mtu wa upinde asifanye hivyo, kwa sababu macho yote yatakuwa kwako wakati unavuta. Keti upepo ukipita kwa ubavu, bata wakitua kutoka kulia kwenda kushoto au kinyume chake. Bandia mmoja msimamishe mita 15 kamili kutoka magotini pako. Bata aliye nyuma ya huyo si wako.

Maficho yawe na urefu wa kupigia magoti, yamesukwa kwa mabua ya shamba lenyewe. Vuta upinde ndani yake mara kadhaa kabla ya mapambazuko. Ncha za upinde zikigusa bua moja tu, hilo litakuangusha.

Hatua ya 6: Mmoja avute, mmoja ashike mbwa

Mshale mmoja tu uwe kwenye ugwe. Anayepiga hana kazi nyingine. Mwenzake anaita, anashika kamba ya mbwa, na anatazama. Mkibadilishana, badilishaneni baada ya kundi kuondoka, si katikati yake.

Usivute bata akiwa ameinua shingo. Ngoja miguu iteremke, au akiwa ametua, ngoja ainame kudonoa. Una sekunde mbili hivi. Kama shingo imenyooka tena kabla hujamaliza kuvuta, shusha polepole. Mara nyingi tunashusha.

Hatua ya 7: Mshale uko wapi?

Bata ameanguka. Mbwa analia kwa hamu, na wewe moyo unadunda. Hakuna anayenyanyuka. Anayeshika mbwa anachukua darubini na kuuliza swali hilo kwa sauti, na mpigaji anajibu kwa anachokiona, si kwa anachokitumaini.

Kama mshale umepita na mnauona umelala mbali na bata, toa "Hima!" na mbwa aende.

Kama mshale umo mwilini mwa bata, mbwa habanduki. Mpigaji anakwenda mwenyewe, anammaliza bata kama bado yu hai, anauchomoa mshale na kuurudisha kwenye podo.

Kama hamjui mshale uliko, ndipo pagumu. Hapo mbwa anabaki, na mpigaji anatembea akiutafuta kwanza, hata kama bata anapapatika mbele ya macho yenu. Bata akianza kukimbia, mpigaji amfuate na mshale wa pili mkononi. Siku ya kovu nilijiambia "umepita tu". Sikuuona ukipita.

Utauliza, basi mbwa wa nini? Kwa bata waliodondoka mita 12, kusema kweli, si lazima. Thamani yake ni yule mmoja anayeruka akiwa amekatwa, anateleza hewani mita 300 na kupotelea kwenye matete. Sheria inataka ufanye jitihada zinazofaa kumpata, na pua yangu haiwezi. Mkiwa mmeona mshale umetoka, mfungulie mbwa. Mkiwa hamna hakika, nenda naye kwa kamba ndefu, ukimsimamisha mara anapoganda.

Hatua ya 8: Kabla ya kuwasha gari

Acha kichwa au bawa moja lenye manyoya kwenye kila bata mpaka ufike nyumbani, ili askari wa wanyamapori aweze kumtambua ni wa aina gani.

Kisha fungua mdomo wa Karafuu, tazama ufizi na ulimi kwa tochi, halafu nyayo nne, kidole kwa kidole. Mwisho mwaga podo juu ya buti la gari. Tuliingia na mishale sita. Msimu uliopita tulihesabu mitano, na tukarudi shambani kwa magoti hadi saa saba mchana. Ulikuwa umesimama wima kwenye bua, nyembe juu, hatua mbili kutoka pale mbwa alipokuwa amefungwa.