Mapazia ya mvua kwa baraza la mgahawa: anza na upepo

Wateja wa Kampala wanapenda kula nje. Ukienda Ggaba au Ntinda jioni, meza zinazojaa mapema ni za barazani, na mvua ikianza ndizo zinazokimbiwa mapema. Kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 5, tena wa 9 hadi wa 11, nimeona mara nyingi wahudumu wakihamisha sahani za samaki huku maji yakiingia kwenye ugali, na mwenye mgahawa amesimama mlangoni hana la kufanya. Kazi yangu ni kushona na kufunga mapazia ya turubai kwenye mabaraza kama hayo. Naeleza hapa ninavyoifanya, ili uifanye mwenyewe au umsimamie fundi wako ukijua unachokidai.

Jambo moja uliweke kichwani tangu mwanzo. Mvua inayoshuka wima hailoweshi meza iliyo chini ya paa. Inayolowesha ni mvua inayosukumwa na upepo. Kwa hiyo pazia linajengwa kwa ajili ya upepo, na likiuweza upepo, mvua imekwisha kuzuiwa.

Hatua ya 1: Iangalie mvua yenyewe

Usipime chochote kabla ya kuona mvua moja kubwa ukiwa pale pale. Mimi huenda na chaki. Mvua ikikatika, nachora sakafuni mstari pale maji yalipofikia. Upande mmoja mstari utakuwa nusu mita kutoka ukingoni, upande mwingine utakuta umefika meza ya tatu. Waulize pia wahudumu, maana wao ndio wanaohamisha viti kila siku: "Dada, mvua huwa inaanzia wapi?" Atakuonyesha kwa kidole bila kufikiri. Mara nyingi baraza lenye pande tatu wazi linahitaji mapazia mazito upande mmoja tu, na pesa iliyobaki ikaingia kwenye nguzo.

Angalia na jua. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo upande wa magharibi unapigwa na jua la alasiri mwaka mzima. Plastiki angavu, ile inayoonyesha nje, haizuii joto hilo. Upande huo weka pazia la wavu wa kivuli, au la turubai tupu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya upepo

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Upepo wa kilomita 60 kwa saa unasukuma karibu kilo 17 kwenye kila mita moja ya mraba. Pazia la upana wa mita 3 na urefu wa mita 2.5 lina mita za mraba 7.5. Maana yake linabeba zaidi ya kilo 120, kama watu wawili wazima wanaoliegemea kwa pamoja. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne.

Nililijua hili kwa kazi yangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilifunga pazia kwenye baraza moja karibu na ziwa, nikalipigilia juu kwenye ubao wa ukingo wa paa, chini nikaweka bomba la chuma nikiamini uzito wake unatosha. Upepo wa ziwani ulipokuja, pazia likawa tanga. Bomba lilinyanyuka hadi usawa wa kifua cha mtu, likarudi na kuvunja meza ambayo familia ilikuwa imetoka kuiacha. Ule ubao niliukuta uani. Tangu siku hiyo silitundiki pazia lisilofungwa chini.

Basi fuata haya. Usizidishe mita 3 kwa pazia moja. Uwazi ukiwa mkubwa zaidi, simamisha nguzo katikati. Ubao wa ukingo wa paa umeshikwa na misumari michache, usiuamini. Funga kwenye boriti au kwenye bomba la mraba lililochomelewa nguzo kwa nguzo. Mafundi chuma wa Katwe watakukatia na kukuchomelea ukiwapelekea vipimo. Kwenye mbao tumia bolti inayopenya upande wa pili ikakazwa na nati, kwa kuwa skrubu itang'oka mbao ikishazeeka. Nguzo ziingie kwenye zege. Kisha pembeni weka mikanda ya kufungia kila baada ya sentimita 50, na chini weka pete za chuma zilizozama sakafuni, zisije zikamkwaa mhudumu aliyebeba supu.

Hatua ya 3: Chagua kitambaa

Kwa sehemu isiyohitaji kuonekana nje, chukua turubai la PVC, yaani la plastiki, la aina inayofunika malori yanayotoka Mombasa, lenye gramu 600 hadi 700 kwa mita ya mraba. Kwa dirisha, chukua PVC angavu ya milimita 0.75 au 1. Ya milimita 0.5 ni rahisi kukunja lakini inapepea na kupiga kelele, na mteja hawezi kuongea. Mimi huweka turubai kuanzia sakafuni hadi usawa wa meza, kisha angavu juu yake. Sehemu ya chini ndiyo inayopigwa na viti, viatu na matope, na plastiki angavu ikichubuka haitengenezeki.

Rangi chagua unayopenda.

Hatua ya 4: Pima, kata, shona

Pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Nguzo za mabaraza yetu mara chache huwa sambamba. Chukua kipimo kikubwa, ongeza sentimita 10 kila upande, ili pazia lilale juu ya nguzo kwa nje. Likikaa katikati ya nguzo mbili litaacha upenyo, na maji yatapita hapo hapo. Chini acha sketi ya turubai ya sentimita 10 iguse sakafu.

Tumia uzi wa poliesta. Uzi wa pamba utaoza. Kwenye plastiki angavu, rekebisha cherehani mshono uwe wa milimita 4 au 5. Mishono iliyobanana hutoboa plastiki kama ukingo wa stempu, na siku ya upepo itachanika ikifuata vitundu hivyo. Mkunjo wa pindo uelekee chini ili maji yateleze. Kama fundi wako ana mashine ya hewa moto ya kuunganisha PVC, ndiyo bora kuliko uzi, kwa sababu haiachi tundu.

Hatua ya 5: Funga

Pazia likae nyuma ya tone la paa, yaani maji ya bati yadondoke nje yake. Kama paa halina mfereji, weka mfereji kwanza. Kabla ya kuingiza bomba kwenye pindo la chini, toboa vitundu viwili vitatu kwenye lile pindo. Bila hivyo maji hukaa humo, bomba linapata kutu na doa jekundu linapanda kitambaa. Kapi na kamba ziwe pande zote mbili ili pazia lipande likiwa sawa.

Hatua ya 6: Moshi na mlango

Hili sitalipunguza ukali. Ukishafunga mapazia, baraza limekuwa chumba. Sigiri ya mkaa ndani yake inatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Watu huisogeza ndani wakati wa mvua ili moto usizimike. Usikubali. Mjengee mchomaji kibanda chake nje, na acha upande mmoja, ule usiopigwa na upepo, wazi siku zote. Acha pia njia ya kutokea ambayo mtu asiyepajua ataiona hata taa zikizimika.

Hatua ya 7: Wafundishe wahudumu

Pazia lishushwe wingu likionekana, siyo tone likidondoka. Mikanda ya pembeni ifungwe kwanza, kisha pete za chini, na ya mwisho isiachwe eti mvua ni ndogo. Plastiki angavu ioshwe kwa maji, sabuni na kitambaa laini. Ukitumia thina au mafuta ya taa itapata ukungu usiotoka. Isikunjwe kama shuka, izungushwe kwenye bomba lake, tena ikiwa kavu. Kama mvua imeisha usiku na mnafunga, iacheni imeshushwa hadi asubuhi. Anayefungua mgahawa apite na tambara, afute ndani na nje, ndipo aipandishe.